Nyuso Sitini na Nne

Jumatatu asubuhi programu ya kusafishia picha ilikataa kufunguka. Mke wa Flashi aliibofya mara tatu, akazima kompyuta, akaiwasha, akabofya tena. Maandishi mekundu yakajitokeza katikati ya kioo: nakala hii si halali, lipia leseni. Chini yake iliandikwa bei ya kulipa kila mwezi, kama kodi ya chumba.

"Baba Watoto," aliita kupitia pazia. "Njoo uone mwenyewe."

Flashi alikuja na kitambaa cha kufutia lenzi mkononi. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya taa yake na kwa sababu ya mdomo wake. Vyote viwili viliwaka haraka. Aliyasoma yale maandishi, kisha akamtazama mkewe kana kwamba yeye ndiye aliyeyaandika.

"Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu. Nakala ya wizi ina siku zake. Nilikuambia tangu mwaka jana."

"Uliniambia. Hakuna jambo ambalo wewe hukuniambia."

Studio ilikuwa sebule yao. Mbele palikuwa na benchi la wateja, kitambaa cheupe cha ukutani na kioo cha kuchania nywele. Nyuma ya pazia, katika chumba kilichokuwa stoo, palikuwa na kompyuta na kiti kimoja. Kwa miaka kumi na miwili mke wa Flashi alikaa kwenye kiti hicho akiondoa vipele, akifuta majasho, akinyoosha kola, akirudisha macho yaliyofumba. Wateja walimwita shemeji. Walidhani kazi yake ni kuwaletea maji ya kunywa. Picha zikitoka nzuri walimpiga Flashi begani na kumwambia, "Fundi, mikono yako ina dawa," na Flashi alipokea sifa hizo bila kugeuka nyuma hata mara moja.

Jumamosi iliyopita Flashi alikuwa amewapiga picha wahitimu sitini na wanne wa chuo cha uuguzi. Mahafali yalikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Matroni wa chuo, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi, alitaka picha ya kila mhitimu kwenye fremu yake, zimfikie Jumamosi ya wiki hiyo ili apate muda wa kuzipanga ukumbini. Tangu studio ifunguliwe hawakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo.

"Nitatafuta programu nyingine," Flashi alisema. "Zipo tele."

"Ukienda kununua, twende wote. Mimi ndiye ninayeitumia."

"Na studio nimwachie nani?"

Akaenda peke yake.

*

Alirudi Jumanne na sanduku dogo lenye picha ya ua. Programu yenyewe ilikuwa halali na ililipiwa mara moja tu. Muuzaji alikuwa ameongeza na mafunzo ya siku moja, ya mtu mmoja, kesho yake, kwenye ukumbi wenye viyoyozi.

"Basi kesho nitatoka mapema," mkewe alisema.

"Uende wapi?"

"Kwenye mafunzo."

Flashi alicheka, si kwa ubaya, na labda ndiyo maana kicheko kile kilimchoma mkewe zaidi. "Mama Watoto, mafunzo ni ya wenye studio. Watu wanabadilishana namba, wanazungumza biashara. Nishaandikisha jina langu. Nikirudi nitakuelekeza."

"Utanielekeza kitu ambacho hujawahi kukifanya?"

"Kompyuta ni kompyuta."

Binti yao, aliyekuwa sekondari, aliinua macho kutoka kwenye daftari lake, akamtazama mama yake, akayarudisha chini. Katika nyumba ile hata mtoto alikuwa amejifunza wapi pa kunyamaza.

Jumatano jioni Flashi alirudi na kofia mpya na cheti chenye jina lake kwa wino wa dhahabu. Akakitundika juu ya benchi, mahali ambapo kila mteja angekiona. Mkewe alisubiri amalize kupigilia msumari.

"Leya zinafunguka wapi?" aliuliza. Leya ni matabaka ambayo fundi huyapanga juu ya picha, ili akikosea afute tabaka tu, picha ya chini ibaki salama. Bila leya, fundi wa picha ni kama mshonaji anayekata kitambaa akiwa amefumba macho.

"Hii haina mambo hayo ya kizamani."

"Kila programu inazo. Hawakuonyesha?"

"Walionyesha kitu kikubwa kuliko hicho. Sogea."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Flashi alikaa kwenye kile kiti. Akafungua picha ya binti yao aliyoipiga wakati wa likizo. Pembeni palikuwa na kitufe cha rangi ya waridi kilichoandikwa Pendezesha. Akakibonyeza. Uso wa binti ulitikisika kidogo, kisha ukatulia. Ngozi ilikuwa laini kama sahani, pua imepungua, macho yamepanuka, na ule weusi wake wa kung'aa, weusi wa bibi yake mzaa mama, ulikuwa umepauka ukawa rangi ya chai ya maziwa.

Binti alikuwa amesimama mlangoni. "Baba, mbona nimekuwa mweupe?"

"Umetakata," Flashi alisema.

"Kwani nilikuwa mchafu?"

Flashi akamwambia akaoshe vyombo. Mkewe aliikodolea macho ile picha.

"Kitufe hicho sitakitumia," alisema.

"Wateja wanapenda."

"Mteja gani alikuja hapa akakuambia umpe uso wa mtu mwingine?"

"Mama Watoto, nimetumia pesa. Nimekwenda, nimefunzwa, nina cheti. Sasa wewe ambaye hukwenda ndiye unanifundisha?"

*

Alhamisi mke wa Flashi alianza kujifunza, na aibu yake ilianzia kwenye vidole. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umezoea herufi zake: S ilikuwa muhuri wa kunakilia ngozi, B brashi, na kitufe kirefu cha nafasi kilikuwa cha kushika picha na kuivuta. Kwenye programu hii, S ilikata picha vipande. B ilififiza kila kitu kama anayetazama bila miwani. Kila alipofikiri, vidole vilikuwa vishabonyeza, na kila vilipobonyeza alilazimika kurudi nyuma. Alijiona kama mtu aliyerudi nyumbani kwake akakuta jiko limehamishwa na milango imegeuzwa.

Akachukua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja aliandika vifaa vyake vya zamani, upande wa pili akawa anatafuta kila kimoja kinaitwaje sasa na kimejificha wapi. Muhuri aliukuta chini ya alama ya plasta ya kidonda. Leya alizipata saa nne, nyuma ya kimshale kidogo kama ukucha wa mtoto. Zilikuwepo zote. Alikaa akizitazama, hasira ikampanda, kwa sababu mtu mmoja alikaa siku nzima kwenye kiyoyozi, akala chakula cha bure, akarudi kumwambia hazipo.

Hadi jioni alikuwa amemaliza picha kumi na moja. Flashi aliingia mara sita kuhesabu.

"Kumi na moja? Kwa siku nzima?"

"Kesho nitafanya ishirini. Vidole vinaanza kuzoea. Mwombe Matroni atuongezee siku mbili."

"Nikamwambie nini, mke wangu amesahau kazi?"

"Mwambie tumebadilisha programu. Ndio ukweli."

"Umezeeka, basi tu. Sema umezeeka."

Ijumaa asubuhi kulikuwa na mkutano wa wazazi shuleni kwa binti. Flashi hakuwahi kwenda hata mmoja. Mkewe alivaa, akahifadhi kazi yake, akanakili picha zote kwenye diski ya pembeni kama alivyofanya kila siku kwa miaka yote, akatoka. Mkutano ulichelewa. Aliporudi saa saba mchana, kiti chake kilikuwa na joto na Flashi alikuwa anapiga mluzi.

"Nimezimaliza," alisema. "Zote sitini na nne. Kwa dakika arobaini. Zipo kwa mchapaji."

"Zote?"

"Na zako kumi na moja, ili zifanane."

Aliketi akafungua faili. Nyuso sitini na nne zilimtazama, laini, zenye rangi moja, zenye pua moja, kama zilizotoka kwenye tumbo moja na siku moja. Alitafuta wale aliowajua. Yule mwenye mwanya. Yule mwenye mashavu yaliyojaa. Hakuwapata.

"Rudisha kazi," alisema polepole. "Mpigie mchapaji sasa hivi."

"Nishalipa."

"Mpigie."

"Wewe mwanamke una wivu," Flashi alisema. "Kazi ya wiki nimeifanya kwa dakika arobaini, ndicho kinachokuuma."

*

Fremu zilifika chuoni Jumamosi. Matroni alizirudisha Jumatatu, saa tatu asubuhi, ndani ya boksi. Hakuja peke yake. Alifuatana na mhitimu mmoja, msichana mrefu aliyevaa sare iliyopigwa pasi vizuri. Kovu la moto lilitoka chini ya sikio lake la kushoto, likashuka shingoni hadi ndani ya kola.

Matroni aliweka boksi kwenye benchi. "Fundi, nilikuletea wauguzi. Umenirudishia midoli."

Nyuma ya pazia, mke wa Flashi alikiachia kipanya.

"Matroni, tulizeni kwanza moyo," Flashi alisema. "Hii ni teknolojia mpya, watu hawajaizoea."

"Mzazi mmoja amefika ukumbini akapita mbele ya picha ya mwanawe mara mbili. Mara mbili, fundi. Alikuwa anamtafuta."

Mhitimu alitoa fremu moja kutoka kwenye boksi, akaiinua, akaishika kando ya uso wake. Kwenye picha shingo ilikuwa safi kama ya mtoto mchanga.

"Huyu ni nani?" aliuliza. Sauti yake haikupanda. "Kovu hili nimelipata nikiwa na miaka sita. Nililazwa miezi minne. Pale wodini ndipo nilipoamua kuwa muuguzi. Nilikaa hapo mbele ya kamera yako nikafungua kola makusudi, ukaniona. Sasa nani alikuambia nina haja ya kufutwa?"

Flashi alilisogeza boksi kidogo. Akatazama sakafu, akatazama pazia. Kisha akasema jambo ambalo mkewe hakulisahau.

"Mnisamehe sana. Mimi kazi yangu ni kupiga. Hizi huwa anazisafisha mke wangu huko nyuma, na programu ni mpya, bado hajaielewa. Nitamkanya."

Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kumtaja. Siku aliyomtaja ilikuwa ni hiyo.

Pazia lilifunguliwa. Mke wa Flashi alitoka akiwa na kanga kiunoni na daftari mkononi. Hakumtazama mumewe. Alimwendea msichana, akaichukua ile fremu, akaitazama kwa karibu, halafu akalitazama kovu lenyewe, waziwazi, kama fundi anavyotazama kitu anachotaka kukijua.

"Nilikuwa nimekufanya wewe wa tisa," alimwambia. "Nilikuondolea uzi mmoja kwenye kola na mng'ao wa jasho kwenye paji la uso. Basi. Kovu sikuligusa."

"Sasa limekwenda wapi?"

"Muulize aliyebonyeza."

Hakuna aliyemuuliza. Walimtazama tu, na Flashi alianza kufuta lenzi iliyokuwa safi.

"Mahafali ni Alhamisi," Matroni alisema. Safari hii alikuwa anazungumza na mwanamke. "Nikipeleka hizi, wazazi watanila nyama. Nisipopeleka kitu, ukuta utabaki mtupu."

"Nipe hadi Jumatano saa kumi."

"Za awali zipo?" Flashi aliropoka. "Mimi nilihifadhi palepale juu yake."

"Najua ulihifadhi palepale," mkewe alisema. "Ndiyo maana mimi huwa ninanakili."

*

Mke wa Flashi alimpa mumewe masharti matatu, akiwa amesimama, Matroni akiwa hajafika hata barabarani. Asivuke pazia. Asimuulize amefika ngapi. Na gharama ya kuchapa upya itoke kwenye pesa alizokuwa amejiwekea za kununua lenzi.

"Lenzi hiyo nimeingoja miaka miwili."

"Mimi nimengoja kumi na miwili."

"Umengoja nini?"

Aligeuka akarudi nyuma ya pazia. Kama hakujua, asingejua kwa kuambiwa.

Siku hiyo, kabla ya kugusa picha hata moja, alifungua mipangilio ya programu, akaisoma mstari kwa mstari na kamusi ya binti yake pembeni. Katika ukurasa wa tisa alikuta kitu ambacho mtu yeyote aliyekaa ukumbini na masikio wazi angekisikia: vitufe vya kibodi vinaweza kubadilishwa. Akaurudisha muhuri kwenye S. Akairudisha brashi kwenye B. Kimoja baada ya kingine, hadi mkono wa kushoto ukawa tena mkono wake. Kisha akakikamata kile kitufe cha waridi, akakiburuta nje ya ukurasa, akakiachia. Programu ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Aligundua programu hii ilikuwa na brashi nzuri kuliko ile ya zamani, inayopokea rangi ya ngozi bila kuipaka chokaa. Aligundua namna ya kupima mwanga, akaona kuwa taa ya Flashi ilikuwa imewapaka wote umanjano, akautoa bila kumgusa mtu weusi wake. Mwenye mwanya alimrudishia mwanya. Mwenye mashavu alimrudishia mashavu. Mara mbili alikosea, akafuta tabaka, akaanza tena. Binti yake alimletea chakula mezani, akasimama nyuma yake kwa muda.

"Mama, wewe ndiye ulikuwa unafanya hizi zote? Tangu zamani?"

"Ulidhani nani?"

Binti alifikiri. "Nilidhani unamsaidia baba."

Hilo nalo lilimuuma, tena kuliko maneno yote ya Flashi, kwa sababu mtoto hakuwa na nia mbaya. Aliyaona aliyoonyeshwa.

Kwenye sebule Flashi alizunguka kama kuku aliyetolewa kwenye banda. Alipanga benchi, akalipangua. Mara moja alikohoa karibu na pazia. Jumanne mchana alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu, kwamba mtu anaweza kukosea hata akiwa na cheti. Kutoka ndani alijibiwa na mlio wa kipanya.

*

Jumatano saa tisa na nusu fremu zilikuwa zimepangwa kwenye benchi. Matroni alifika na yule mhitimu. Alizitazama moja moja, bila haraka, akitaja majina kwa sauti ya chini kama anayeita wanafunzi darasani. Hakukwama hata mara moja. Mhitimu aliipata yake, akaisogeza karibu na dirisha. Alipitisha kidole juu ya kioo, kutoka sikioni hadi kwenye kola.

"Ni mimi," alisema.

"Kazi nzuri," Matroni alisema.

"Ah, Matroni, tumehangaika," Flashi alisema, akivuta pumzi ya mtu aliyechoka. "Siku tatu hatukupumzika. Lakini tulisema, lazima tuwape kitu cha maana."

Mkewe alikuwa ameegemea mlango. Macho yalikuwa mekundu na mgongo ulimuuma hadi miguuni.

"Wewe na nani?" aliuliza.

"Nini?"

"Unasema tumehangaika. Wewe na nani?"

Flashi alicheka kidogo, akawatazama wageni apate wa kucheka naye. Hakumpata. Matroni alikuwa anamtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayeficha dawa chini ya ulimi.

"Ni yeye," Flashi alisema mwishowe. "Yeye ndiye aliyezifanya."

"Na zile za kwanza?"

"Zile ni mimi."

Matroni alifungua pochi yake, akahesabu pesa iliyobaki, akanyoosha mkono. Mkono huo ulipita mbele ya Flashi, ukaenda mlangoni. Akasema chuo kinataka picha za vitambulisho vya wafanyakazi wote, na kwamba atakuja kuzungumza na fundi wiki ijayo. Alipotamka neno fundi hakuwa anatazama upande wa kamera.

Walipoondoka, Flashi alikaa kwenye benchi. "Umeniaibisha mbele ya watu."

"Jumatatu ulinitaja mbele ya watu haohao."

"Nilikuwa naokoa kazi."

"Ulikuwa unaokoa uso wako. Wa kwangu ukautupa."

"Sasa unataka nini? Nikupigie magoti?"

"Sitaki magoti. Ukitoka tena kwenda kwenye mafunzo ya kompyuta bila mimi, usirudi na cheti, rudi na mtu wa kukaa kwenye kile kiti. Mimi nitakuwa nimefungua studio yangu."

Alisema bila kupandisha sauti, akaingia ndani kupika. Hasira haikuwa imemtoka. Alikata vitunguu kwa nguvu iliyozidi vitunguu, na walipokula binti alikaa katikati yao akipitisha chumvi.

Asubuhi iliyofuata mteja wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo aliyetaka picha ya mama yake mzazi, picha ya zamani iliyokunjwa hadi ikapasuka, itengenezwe. Alimpiga Flashi begani. "Fundi wangu, hii utaiweza?"

Flashi aliipokea, akaigeuza. Midomo ilianza kutengeneza jibu lililozoeleka, ikasita.

"Subiri," alisema. "Ngoja nimuulize fundi."

Alikwenda hadi kwenye pazia, akasimama nje yake, akaeleza picha ilivyo, mpasuko ulipopita na ulipofika. Ndani mwanamke alikuwa anamalizia kunyoosha kola ya mtu. Alisikia kila neno. Hakuinuka.

"Mwambie akae," alisema. "Nikimaliza nitamwita."

Flashi alirudi kwenye benchi na ile picha mkononi.

"Fundi anasema usubiri," akamwambia mteja, akaketi kando yake, naye akasubiri.